Ulikaa Wapi?

Mlipokuja nyumbani na ile keki yenu (asanteni, ingawa sukari mliizidisha kwa mtu wa umri wangu), mliniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi, ziwekwe pale maktaba ya ofisi. Mmoja wenu akanishauri nianze na vyeo. Mwanangu, vyeo vyangu vimo kwenye faili langu masjala, na mishahara imo humohumo, panya wakitaka kusoma ruksa. Mimi nitawaandikia habari za kadi moja. Niliijaza vibaya kule Iringa, miaka ya sabini, nikiwa binti mwenye majibu ya haraka, na kwa sababu ya kadi hiyo kuna sentensi ya uongo ambayo mpaka leo mnaisoma kwenye semina zenu. Nataka kuisahihisha nikiwa bado na akili zangu, na siwezi kuisahihisha bila kuwaeleza habari za Dada Tusekile.

Nilianza kazi mwezi wa Juni, na anayeijua Juni ya Iringa hahitaji nimweleze baridi yake. Baba alinisindikiza kwa miguu kutoka kwetu, jirani na Tosamaganga, mpaka barabara kuu, akanipandisha kwenye lori la mahindi, nikafika ofisini na pumba kichwani. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala, bati juu bila dari. Chumba cha mbele alikaa Bwana Salumu, mpiga chapa wetu, mtu wa palepale mjini ambaye babu zake walitoka pwani na biashara zao wakasahau kurudi. Alivaa kofia nyeupe na sweta mbili, moja juu ya nyingine. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia zile pumba, akasema, "Karibu, mwanangu. Pita ndani ukahukumiwe."

Ndani alikuwepo Dada Tusekile, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, Mnyakyusa wa Tukuyu, penseli ameichomeka kwenye nywele. Hakuinua macho.

"Umekuja na kalamu?"

"Hapana, Ndugu. Nilidhani ofisi inatoa."

"Ofisi inatoa kazi."

Kisha akaichomoa ile penseli kwenye nywele zake akanipa. Ndiyo mapokezi yangu yote. Penseli ile niliitumia mpaka ikabaki kipande kisichoshikika, na hicho kipande ninacho hadi leo kwenye kopo la vifungo.

Kazi yetu ilikuwa kupitia. Watu mjini walitucheka, wakasema sisi tunalipwa kusoma vilivyokwisha kusomwa. Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijijini, kila kijiji kina kamati zake, na agizo limetoka juu kwamba wanawake nao wapewe uongozi. Wakapewa. Msimu mmoja, misimu miwili, wengi wao wakawa wameondolewa au wamejiondoa wenyewe, na kila aliyetumwa kuchunguza akaandika ripoti yake akieleza sababu. Ripoti zikajaa ghala. Makao makuu wakataka mtu akae chini azisome zote, atazame zimesema nini na zimesemaje. Mkuu wetu wa kwanza alizitazama siku moja, akaagiza chai. Alikuwa mzee wa kurusha vitu, yule. Aliwahi kumrushia Bwana Salumu mhuri ukampata begani, na mtu yeyote ukimuuliza habari za mzee huyo atakwambia, "Alikuwa mtu wa msimamo." Hata mimi nilisema hivyo. Alipohamishwa, Dada Tusekile akawekwa kukaimu, na ndipo kazi ilipoanza.

Nieleze vyombo vyetu, kwa sababu nyie mna kompyuta na mnadhani sisi tulikuwa tunabahatisha. Tulikata kadi za manila, nyeupe na za njano. Kila mahali ripoti ilipomsema kiongozi, tulinakili maneno hayo kwenye kadi: kiongozi mwanamume kadi nyeupe, kiongozi mwanamke kadi ya njano. Nyuma ya kadi tuliandika msemaji ni nani, mwanamume au mwanamke, na umri wake. Usipomjua, unaandika "hajulikani". Sheria ya Dada Tusekile ilikuwa moja tu, usiandike usichokijua, na aliitamka taratibu sana, jambo lililotisha zaidi.

Halafu kulikuwa na kidirisha. Alikitengeneza mwenyewe kwa gamba la jalada la kijani, akalitoboa tundu kwa wembe, refu kama mstari na pana kama mistari miwili. Unakilaza juu ya ukurasa, unaona maneno peke yake, jina la kiongozi limefunikwa. Unasoma, unabashiri ni mwanamume au mwanamke, kisha unafunua. Wiki ya kwanza niliona ni mchezo. Wiki ya tatu nilikuwa sikosei.

"Ana sauti," nasoma.

"Nyeupe," anaitikia Bwana Salumu kutoka chumba cha mbele, taipureta inaendelea kulia.

"Ana mdomo."

"Njano hiyo, mwanangu, tena ya kuiva."

"Hayumbishwi."

"Nyeupe."

"Kichwa ngumu. Halafu ana kisirani."

"Njano, njano, usinisumbue nina stensili hapa."

Tulicheka, jamani. Dada Tusekile mwenyewe alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo na kiganja, mabega yakitikisika. Nikikumbuka mabega yale nataka kurudi kwenye chumba kile chenye baridi, kesho asubuhi, bila mshahara.

Kesi iliyonifundisha zaidi ilitoka Usangu. Kulikuwa na mama mmoja Msukuma, jamaa zake walihamia kule na ng'ombe kutoka kaskazini, naye alikuwa amechaguliwa balozi wa nyumba kumi. Fomu yake ilikuwa tupu. Kila swali limejibiwa, "Hana la kusema." Chini yake mhojaji ameongeza, "Kwa ujumla hafai, hana sauti." Nilikuwa nakaribia kuinakili kwenye kadi ya njano. Dada Tusekile akanishika mkono, akamwita yule mhojaji, aliyekuwa amekuja mjini kuchukua posho.

"Siku ile ulikaa wapi?" akamuuliza.

"Wapi tena, Ndugu Kaimu? Nyumbani kwao."

"Nyumba ina sehemu nyingi. Ulikaa wapi?"

"Nje. Nilipewa kigoda, nikakaa na mwenye nyumba."

"Na balozi alikuwa wapi?"

"Jikoni, anapika. Mumewe alikuwa ananijibia."

Dada Tusekile hakumgombeza. Wiki iliyofuata tulipanda gari la ofisi mpaka Mbeya, kisha tukateremka hadi uwandani, joto na vumbi, ng'ombe wengi kuliko watu. Tulimwamkia baba mwenye nyumba kwa heshima zote, tukapewa vigoda, tukakaa kidogo. Kisha Dada Tusekile akaomba ruhusa akaingia jikoni, akaketi chini kwenye mavumbi na gauni lake la ofisini, akavuta ungo akaanza kupembua mchele pamoja na yule mama. Mimi nikaandika. Yule mama alisema mpaka mchele ukaiva, na tulipokwisha kula alikuwa bado anasema. Alituambia mikutano ya kijiji huitishwa kwenye josho la ng'ombe, alfajiri, mahali ambapo mwanamke akienda anaulizwa amempeleka ng'ombe gani. Alituambia nani alimpinga na kwa maneno gani. Hana sauti! Karatasi ziliniishia, nikaandika kwenye karatasi ya sukari.

Tuliporudi Iringa, Dada Tusekile akaongeza mstari wa tatu nyuma ya kila kadi. Msemaji. Umri. Alikaa wapi. Bwana Salumu akamuuliza kama sasa tunafanya utafiti wa samani. "Ndiyo," akamjibu. "Mtu husema kulingana na alipokalishwa." Ilitubidi kuanza upya mabunda yote, kurudi kwenye ripoti moja moja, kutafuta mtu alikaa wapi alipoyasema aliyoyasema. Nilinuna siku nyingi.

Alikuwa mkali? Nitajibu swali hilo kwa haki, maana ndilo lililomwondoa. Alirudisha kazi. Alirudisha tena. Hakupandisha sauti hata siku moja, hakurusha mhuri. Siku moja alinirudishia bunda zima mbele ya Bwana Salumu, kadi kama mia hivi, kwa sababu nilikuwa nimeandika "barazani" kila nilipochoka kutafuta. "Yustina," akasema, "hawa watu wote walikaa baraza moja? Baraza hiyo ni ndefu." Bwana Salumu akacheka. Nikaenda kulia nyuma ya ghala.

Kesho yake Dada Tusekile alikwenda Mbeya kuwafundisha wahojaji, na kesho yake hiyohiyo akaingia mgeni kutoka makao makuu. Mtu mzima, koti zuri, sauti ya kibaba. Alikuja kuangalia kama Ndugu Tusekile athibitishwe kuwa mkuu kamili. Akaingia ofisini kwake, akavuta kiti cha wageni akakaa, nami nikasimama mlangoni nimeshika mikono nyuma.

"Kaa, binti, usiogope," akasema, akanionyesha kiti cha Dada Tusekile nyuma ya meza. Kilikuwa kiti pekee chenye mto, mto wenyewe ameufuma kwa mkono wake. Nikasitasita. "Kaa, kaa. Hayupo." Nikakaa.

Nitawaambia ukweli, nilijisikia mkubwa. Macho yalikuwa bado yamevimba kwa kilio cha jana, na huyu mzee mwenye koti anataka maoni yangu. Akaniuliza mkuu wangu yukoje. Nikasema anajua kazi sana. Nikasema, ila mkali. Nikasema mtu ukikosea kidogo tu hupumui. Akaniuliza wenzangu wanamwonaje, nikajibu tunamwogopa, na wakati huo wenzangu wote walikuwa Bwana Salumu mmoja, ambaye hakumwogopa hata kidogo. Yule bwana akaandika. Akanishukuru, akaniambia mimi ni binti mkweli. Alipoondoka nikaunyoosha ule mto, nikarudi kwenye kadi zangu, na baada ya siku mbili tatu nikawa nimesahau kabisa. Jambo hilo la kusahau ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kama miezi miwili ikapita. Barua ikaja, Bwana Salumu akamkabidhi Dada Tusekile mkononi. Nilimwona akiisoma amesimama dirishani, akaikunja, akaomba chai. Sikujua ndani mna nini. Jioni kabla ya kufunga akaniita.

"Yustina, njoo na kadi moja ya njano. Nina maneno hapa."

Alikuwa ameulaza ukurasa mezani na kidirisha cha kijani juu yake. Nikainama nikasoma mstari uliochapwa kwa taipureta: "Ni hodari wa kazi lakini ni mkali kupita kiasi, na walio chini yake wanamwogopa."

Nikacheka. "Dada, huyu hata hahitaji kidirisha. Mwanamke."

"Ndiyo, mwanamke. Na aliyesema?"

Ripoti nyingi nilizisoma, maneno kama yale nilikuwa nimeyanakili mpaka vidole vikaota sugu. Sikusita. "Mwanamume. Tena mtu mzima wa zamani, hataki kuongozwa na mwanamke. Ninamwona kabisa, amekaa barazani na kibuyu cha pombe ya ulanzi."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani ananisifu kimoyomoyo. "Haya," akasema. "Andika."

Nikaandika. Msemaji: mwanamume. Umri: mtu mzima. Alikaa wapi: barazani. Nikaitia kadi kwenye bunda, nikamuaga, nikaenda zangu nyumbani nikiimba. Yeye alibaki ameweka viganja vyake juu ya kile kidirisha, hakukifunua.

Mwisho wa mwezi tukaambiwa amehamishiwa Mbeya, si kama mkuu, akafundishe madarasa ya kisomo. Tulimuaga mchana, kwa chai na vitumbua alivyoleta mke wa Bwana Salumu. Bwana Salumu alijaribu kutoa hotuba ikamshinda, akasema vumbi limemwingia machoni. Dada Tusekile alinipa ufunguo wa droo yake. "Vyombo vimo humo," akasema. "Usivipoteze." Nikambebea sanduku mpaka stendi. Nilikuwa na huzuni, ndiyo, lakini kwa aibu yangu nilikuwa pia nawaza kwamba sasa bunda halitarudishwa.

Nilifungua droo siku iliyofuata. Humo mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha ile barua, na juu ya barua kidirisha kimebanwa na pini mahali palepale. Nikausoma tena ule mstari. Kisha nikachomoa pini nikafunua. Mstari wa juu yake ulisomeka, "Msaidizi wake wa kike, Ndugu Yustina, alipoulizwa ofisini kwake alieleza kwamba." Jina langu lilikuwa juu tu ya tundu, limefichwa na upana wa kidole. Aya ya chini ikasema kwamba kwa sababu hiyo hataweza kuthibitishwa.

Mungu wangu. Nilikaa chini sakafuni kwenye saruji ya baridi. Bwana Salumu akaingia, akaiona barua mkononi mwangu, akavua kofia.

"Ulijua, Baba?" nikamuuliza. Sikuwahi kumwita Baba kabla ya siku ile.

"Nilijua. Aliniambia nisikuguse. Alisema utajifunza mwenyewe, una macho mazuri."

"Macho gani haya? Sikuyatambua maneno yangu mwenyewe!"

"Hukuyatambua kwa sababu kila mtu anayasema," akajibu. "Simama hapo, utapata homa ya mapafu."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa linapokuwa langu mimi tu, si la utoto wala la mgeni mwenye koti. Ripoti yetu ilikuwa imekamilika. Kwa kuwa kila neno la ukali dhidi ya viongozi wanawake lilikuwa limetiwa alama ya msemaji mwanamume au hajulikani, Bwana Salumu alikuwa amekata stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, yenye sentensi hii: "Katika kadi zote tulizopitia, haikuonekana hata moja ambamo mwanamke alimsema kiongozi mwanamke kwa ukali." Kadi moja tu ndiyo ingeivunja sentensi hiyo, na kadi hiyo nilijua iko bunda gani. Mkuu mpya alikuwa amefika, mtu mpole aliyeniuliza kila kitu kiko wapi, na hakuna aliyemwita mkali, hakuna aliyemwita chochote. Alitaka ripoti iondoke. Bwana Salumu akaweka ile stensili mezani mbele yangu pamoja na kichupa cha dawa ya kufutia, ile ya pinki inayonuka kama rangi ya kucha, pembeni akaweka karatasi tupu. Akaenda kuswali adhuhuri.

Nilikifungua kichupa. Nilikishika mpaka dawa ikaanza kukauka kwenye brashi. Ningefuta, ningeulizwa ni mwanamke gani huyo, na ningelazimika kujibu. Nikakifunga. Bwana Salumu aliporudi akaitazama stensili, akanitazama, akaibeba kwenye mashine ya saiklostaili akaanza kuzungusha. Kila ukurasa ulipotoka nilisikia sauti yake, na niliendelea kukata kadi nikijifanya nina kazi.

Mwaka uliofuata nilipata likizo nikapanda basi kwenda Mbeya. Nilibeba mahindi ya kwetu na hotuba niliyoikariri tangu Makambako. Alikuwa anaishi mtaa wa Soweto, chumba na sebule, na madarasa yake yalikuwa yamejaa akina mama watu wazima wanaomwogopa kwa furaha. Alinipokea kama mdogo wake wa tumbo moja. "Ndaga, Yustina, ndaga!" akashukuru kwa kwao, akanitoa begi mikononi. Nilipoanza, "Dada, ile kadi," akasema, "Kadi gani? Shika kikapu, twende Mbalizi, leo ni soko." Kule Mbalizi alirudisha ndizi mara mbili kwa muuzaji, taratibu, bila kupandisha sauti, mpaka akapewa mkungu aliouona tangu mwanzo. Mimi nilisimama nyuma yake nimebeba kikapu, nikitamani nirudishwe mimi.

Siku tatu alinilisha, akanisimulia habari za wanafunzi wake, akaniuliza habari za Bwana Salumu na sweta zake. Kila nilipofungua mdomo akanipa kitu cha kubeba. Siku ya kuondoka akanisindikiza stendi. Nilikuwa nimekwisha kupanda, nimekaa dirishani, ndipo akausogelea ubavu wa basi akainua uso.

"Yustina. Siku ile na yule bwana, ulikaa wapi?"

Alijua. Nadhani alijua tangu siku aliyoukuta mto wake umenyooshwa vizuri kuliko alivyouacha. Alitaka kusikia tu, kutoka kwangu, kama tulivyokuwa tukiwauliza wengine wote. Na mimi, mwenye majibu ya haraka, nililia. Basi likaondoka sijasema. Nilimwona amesimama kwenye vumbi la stendi akinipungia, mkono mmoja umeshika penseli kwenye nywele isianguke.

Tuliandikiana barua miaka mingi. Mara tatu nilijibu swali lake, na mara tatu nikaandika ukurasa mwingine usio na jibu, nikautuma huo. Habari za msiba wake zilinifikia nikiwa safarini, amekwisha kuzikwa. Nimekuwa mkuu wa ofisi baada ya hapo, nyie mnajua, na mnajua mlivyokuwa mkiniita nikiwa sipo. Njano hiyo, tena ya kuiva. Kila nilipowasikia nilitamani nimpate wa kucheka naye, mabega yakitikisika, na hakuwepo.

Juzi kwenye semina yenu ya kuniaga, mmoja wenu alisoma kwa sauti ile sentensi yetu ya saiklostaili, kwamba hakuna mwanamke aliyeonekana kumsema mwenzake, na watu wakapiga makofi. Niliangalia chini. Naomba sasa mwende ghalani, sanduku la tatu, bunda la njano. Kadi mtaitambua kwa mwandiko wangu wa zamani, na nyuma yake mfute nilichoandika, kisha mwandike hivi.

Msemaji: mwanamke.

Umri: ishirini na mbili.

Alikaa wapi: kwenye kiti cha Dada Tusekile.